Profesa Schilling na mbu wa Dachau

Kisanduku kilikuwa kidogo, cha kushikika kwa mkono mmoja, na ndani yake mlikuwa na mbu. Mfungwa alipewa akishike kwa muda wa nusu saa hivi huku mbu wakimuuma. Kesho yake tena, na keshokutwa, wiki nzima. Alasiri kisanduku kingine kiliwekwa katikati ya mapaja yake akiwa amelala kitandani. Kila asubuhi alitolewa tone la damu, likapakwa kwenye kioo, likatazamwe kwa hadubini kama vimelea vimeshaingia.

Aliyeyasimulia hayo alikuwa padre, mmoja wa maelfu ya watumishi wa kanisa waliofungwa katika kambi ya mateso ya Dachau, nje kidogo ya jiji la Munich, Ujerumani, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Hakuwa mgonjwa alipoingizwa katika chumba kile. Aliingizwa ili augue. Na mwenye mbu wale hakuwa askari wala mtu wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha makambi. Alikuwa mzee wa miaka 70, profesa mstaafu mwenye jina kubwa katika tiba ya magonjwa ya nchi za joto, aitwaye Claus Schilling.

Nimekulia Muheza, na malaria kwangu si habari ya vitabuni. Naikumbuka klorokwini: uchungu wake mdomoni, kisha usiku mwili mzima unawasha mpaka unakwaruza ukuta. Niliposoma kwa mara ya kwanza kwamba kuna daktari aliyetumia miaka zaidi ya arobaini kuyatafiti maradhi haya yanayotusumbua sisi hasa, nilitarajia kumheshimu. Niliposoma alivyomalizia kazi yake, nilibaki na swali ambalo ndilo limenifanya niandike: ilikuwaje? Jibu jepesi ni kwamba alikuwa mwovu, Wanazi walikuwa waovu, basi. Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu ukiifuata kazi yake mwaka kwa mwaka huoni mahali ambapo barabara ilikata kona ghafla.

Tuanze na alichokuwa anakitafuta, maana bila hicho mengine hayaeleweki.

Mtu yeyote wa pwani anajua kwamba malaria haimpigi kila mtu sawasawa. Mtoto wa miaka miwili inaweza kumuua kwa siku tatu. Mtu mzima aliyezaliwa Tanga au Kilifi akaishi hapo hapo, akiumwa hulala siku mbili akainuka. Mgeni kutoka nyanda za baridi, hata awe na afya ya chuma, anaweza kuletwa hospitali hajitambui. Mwili unaoumwa na mbu tena na tena tangu utotoni hujijengea kinga. Kinga hiyo si kamili, na hupungua mtu akihama, lakini ipo.

Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alikuja Dar es Salaam mwaka 1897 akaitafiti malaria, kisha miaka michache baadaye akaenda New Guinea. Huko aliona katika vioo vya damu kile ambacho wenyeji wa kila nchi yenye malaria walikijua kwa macho: watoto wamejaa vimelea, watu wazima hawana au wanavyo vichache. Swali likajileta lenyewe. Je, kinga hii inayojengwa na asili kwa miaka mingi, na kwa gharama ya makaburi mengi ya watoto, haiwezi kutengenezwa kwa makusudi? Kama ndui ilipatiwa chanjo, mbona malaria isipate?

Schilling alizaliwa Munich mwaka 1871 na kupata udaktari mwaka 1895. Miaka michache baadaye alikuwa Afrika, katika makoloni ya Ujerumani, ikiwemo Togo. Alishughulika sana na ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o, nagana. Wazo lake pale lilikuwa lile lile: umwambukize ng'ombe kidogo, kwa vimelea vilivyodhoofishwa, ili ajenge kinga. Wazo hilo alilibeba maisha yake yote. Mwaka 1905 akawekwa kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya magonjwa ya nchi za joto katika taasisi ya Koch mjini Berlin, na kiti hicho akakikalia mpaka alipostaafu mwaka 1936.

Hapa inabidi nisimame kidogo kwa Koch mwenyewe, kwa sababu shule aliyolelewa Schilling ilikuwa ya Koch, na baadhi ya masomo ya shule hiyo yalifundishwa kwetu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliteketeza kingo za Ziwa Victoria upande wa Uganda. Waganda waliuita mongota. Watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka ya mwanzo. Mwaka 1906 serikali ya Ujerumani ilimtuma Koch Afrika Mashariki. Alipitia Amani, milimani Usambara, akaendelea hadi ziwani, na kwa kuwa wagonjwa upande wa Wajerumani walikuwa wachache, akavuka kwa Waingereza, akapiga kambi visiwa vya Ssese. Dawa aliyokuja nayo iliitwa atoksili, na ndani yake mlikuwa na aseniki, yaani sumu. Sindano zilisaidia kwa muda: vimelea vilipotea damuni, mgonjwa akapata nguvu. Kisha vikarudi. Koch akaongeza kipimo mara dufu, hadi gramu nzima. Wagonjwa wakalalamika kwa maumivu, kizunguzungu na tumbo, na wengi wakatoroka. Zaidi ya ishirini wakapofuka, na macho yao hayakurudi.

Niweke jambo hili sawa. Ssese haikuwa Dachau. Wale walikuwa wagonjwa kweli, wa ugonjwa usio na dawa, na Koch alitaka wapone. Alipoona upofu alirudi nyuma na kipimo. Lakini angalia nani alijaribiwa kipimo cha juu, na wapi. Huko huko Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1890, kulikuwa kumezuka kashfa ya daktari Albert Neisser wa Breslau, aliyewadunga wanawake, wengi wao makahaba, majimaji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila kuwaambia, na baadhi wakapata kaswende. Magazeti yalipiga kelele, bunge likajadili, Neisser akatozwa faini, na tarehe 29 Desemba 1900 wizara ya Prussia, jimbo kubwa la Ujerumani, ikatoa agizo: hospitalini, lolote lisilo kwa ajili ya uchunguzi, tiba au kinga ya mgonjwa haliruhusiwi bila ridhaa yake baada ya kuelezwa waziwazi. Kwa hiyo mwaka 1906 madaktari wa Berlin hawakuwa gizani. Walijua kuna kitu kinaitwa ridhaa. Hawakukipakia tu melini pamoja na mizigo mingine.

Schilling alijifunza udaktari wa nchi za joto katika mazingira hayo, ambamo mgonjwa anapangwa foleni na askari, anadungwa, anaandikwa namba. Sisemi kila daktari wa kikoloni alikuwa Schilling mtarajiwa. Wapo waliofanya kazi kwa upole na wakafa na wagonjwa wao. Nasema kwamba mtu akifanya kazi muda mrefu mahali ambapo hakuna anayeweza kumwambia hapana, huanza kuiona ruhusa kuwa ni karatasi ya ziada.

Mwaka 1936 profesa akastaafu akiwa na miaka 65, na chanjo yake ya malaria haikuwa imepatikana. Wengine wangerudi nyumbani kutunza bustani. Yeye alikwenda Italia.

Italia ya Mussolini ilikuwa imetoka kuivamia Ethiopia, na malaria ilikuwa tishio kwa majeshi yake Afrika, mbali na mabwawa ya nyumbani yaliyokuwa bado yanaua. Schilling alipata nafasi ya kuendelea na majaribio katika hospitali za wagonjwa wa akili, Volterra na San Niccolò kule Siena. Msomaji anaweza kujiuliza malaria na wagonjwa wa akili wanakutana wapi. Wakati huo walikutana kweli. Daktari wa Vienna, Julius Wagner-Jauregg, aligundua mwaka 1917 kwamba kaswende iliyofika kwenye ubongo, iliyokuwa haina dawa, hutulia mgonjwa akipata homa kali. Basi akawaambukiza malaria kwa makusudi, akaiacha homa ipande mara kadhaa, kisha akawapa kwinini. Mwaka 1927 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kuanzia hapo hospitali nyingi za akili za Ulaya zikawa na wagonjwa wenye malaria vitandani, na watafiti wa malaria wakazifuata, kwani ndipo mahali ambapo ungeweza kumtazama mbu, kimelea na binadamu pamoja kila siku.

Kwa hiyo mtu kumwambukiza mwenzake malaria kwa mkono wake halikuwa jambo la kushtua katika taaluma ile. Ilikuwa tiba. Schilling alichofanya ni kusogeza mpaka hatua moja: kutoka kumwambukiza mgonjwa kwa faida ya mgonjwa, hadi kumwambukiza mtu kwa faida ya jaribio. Mgonjwa wa akili aliyefungiwa Volterra hangeweza kuitambua tofauti hiyo, na hata angeitambua hakuwa na pa kuisemea.

Mwaka 1941 mkuu wa afya wa utawala wa Hitler, Leonardo Conti, alikutana na Schilling huko Italia. Vita vilikuwa vimewapeleka askari wa Ujerumani kwenye maeneo yenye malaria, kusini mwa Ulaya na Afrika Kaskazini. Habari za mzee na chanjo yake zikamfikia Heinrich Himmler, mkuu wa SS na mwenye makambi yote. Mwanzoni mwa 1942 Schilling alipewa kituo chake cha utafiti ndani ya Dachau. Februari mwaka huo kazi ikaanza.

Fikiria alichopewa. Miaka arobaini alikuwa akiomba: fedha, vitanda, kibali cha hospitali hii na ile. Sasa alikuwa na watu wasio na kikomo, wenye umri na afya anayoitaka, hawaendi popote, hawana ndugu wa kuuliza, na akipungukiwa analetewa wengine kwa orodha. Hakuna aliyeulizwa kama anataka.

Waliambukizwa kwa njia mbili. Wengine kwa mbu, kama yule padre. Wengine walidungwa sindano yenye vimelea vilivyotolewa kwenye tezi za mate za mbu, au damu ya mfungwa mwingine mwenye homa. Kisha homa ikipanda, dawa zilijaribiwa: kwinini, atebrini, neosalvasani ambayo ni dawa ya kaswende yenye aseniki, antipirini, piramidoni, na nyingine iliyojulikana kwa namba tu, 2516. Wengine walipona kwa muda wakaambukizwa upya, kuona kama kinga imejengeka. Hilo ndilo lililokuwa lengo: kumfanya mtu mzima wa Poland au Ujerumani awe kama mtu mzima wa Muheza, kwa miezi badala ya miaka.

Padre Leo Miechalowski, Mpolandi, alisimama mahakamani Nuremberg, ambako Wanazi walishtakiwa baada ya vita, akaeleza yaliyompata. Malaria yenyewe ilimrudia mara nyingi. Lakini alichokikumbuka kwa hofu zaidi ni sindano za pairifa, dawa ya kupandisha homa, aliyodungwa moja baada ya nyingine. Baada ya ile ya saba alihisi moyo unang'olewa kifuani, na uwezo wa kuzungumza ukamtoka mpaka jioni. Mtu huyo huyo alikuwa amewekwa pia ndani ya maji ya barafu katika majaribio ya daktari mwingine wa kambi ile, Sigmund Rascher.

Ni wangapi? Rekodi zinaonyesha wafungwa zaidi ya 1,000. Franz Blaha, daktari wa Czechoslovakia aliyekuwa mfungwa na kulazimishwa kupasua maiti za kambi, aliiambia mahakama mwezi Januari 1946 kwamba walifika 1,200 hivi. Kuhusu vifo maelezo yake ndiyo ninayoyaona ya maana zaidi, kwa sababu alizishika maiti hizo kwa mikono yake. Alisema waliouawa na malaria yenyewe ni 30 hadi 40. Waliokufa baadaye kwa maradhi mengine ambayo mwili uliochoshwa na malaria haukuweza kuyahimili ni 300 hadi 400. Juu ya hao kuna waliokufa kwa sumu ya dawa zenyewe, neosalvasani na piramidoni zilizozidishwa. Na akaongeza kwamba Schilling alihudhuria upasuaji wa maiti hizo.

Sentensi hiyo ya mwisho huwa inanirudia. Watetezi wa watu wa namna hii hupenda kusema mwanasayansi alikuwa amezama kwenye takwimu, hakuona watu. Schilling aliwaona. Aliwaona wakiwa hai kitandani na akawaona mezani.

Na sayansi yenyewe je? Hapa sitakaa sana. Watu wenye njaa, wanaopigwa, wanaoshika kuhara na kifua kikuu, wanaopewa dawa nne kwa wakati mmoja, hawawezi kukuambia lolote la kutegemewa juu ya kinga ya malaria. Hakuna chanjo iliyotoka Dachau.

Ushiriki wa wengine

Neno linalotumika kwa watu kama Schilling ni mshiriki, na ushiriki una tabaka nyingi kuliko tunavyodhani. Mbu wa malaria hawapatikani kirahisi Dachau. Mtu alipaswa kuwafuga. Gerhard Rose, aliyeirithi idara ya Schilling mjini Berlin, alimpatia vifaa vya kazi kutoka huko: Nuremberg zilionyeshwa barua za Schilling akimshukuru Rose kwa mbu na mayai ya mbu. Fikiri juu ya mhudumu wa maabara ile anayehesabu mayai, anayafunga vizuri yasiharibike njiani, anaandika anwani. Hajamgusa mtu yeyote.

Rose mwenyewe ni kisa ndani ya kisa. Mwaka 1943, kwenye mkutano wa madaktari wa jeshi Berlin, alisimama mbele ya wenzake akayapinga majaribio ya tifasi, ile homa inayoenezwa na chawa, yaliyokuwa yakifanywa kwa wafungwa wa Buchenwald. Ilihitaji ujasiri. Lakini muda si mrefu akaomba chanjo aliyoipenda yeye nayo ijaribiwe Buchenwald. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1947, akaachiwa 1955. Mtu anaweza kujua kwamba jambo ni baya, akalisema hadharani, kisha akalifanya pale ambapo swali la kisayansi ni lake.

Na tusidanganyane kwamba sheria haikuwepo. Mwaka 1930 mjini Lübeck watoto wachanga zaidi ya 70 walikufa baada ya kupewa chanjo ya kifua kikuu iliyochanganyika na bakteria wakali. Tarehe 28 Februari 1931 serikali ya Ujerumani ikatoa mwongozo wa tiba mpya na majaribio ya kisayansi kwa binadamu. Ulidai ridhaa. Ulikataza kutumia dhiki ya mtu kumwingiza katika jaribio. Hitler alipoingia madarakani mwongozo huo ulikuwa na miaka miwili tu, na Schilling alikuwa bado mkuu wa idara kwenye taasisi ya serikali. Aliusoma, au alipaswa kuusoma. Taasisi yenyewe ilichukua muda mrefu kukiri: ni mwaka 2008 ndipo Taasisi ya Robert Koch ilipotangaza matokeo ya uchunguzi wa wanahistoria na kueleza majuto juu ya mchango wake katika miaka hiyo.

Meza, kiti na taipureta

Kazi ya Dachau ilisimamishwa tarehe 5 Aprili 1945 kwa amri ya Himmler. Wamarekani waliingia kambini tarehe 29 mwezi huo. Novemba mahakama ya kijeshi ya Marekani ilifunguliwa pale pale Dachau, washtakiwa 40: makamanda, walinzi, madaktari, na kati yao mzee Schilling, sasa ana miaka 74. Hawakushtakiwa kila mmoja kwa kila kifo. Mashtaka yalikuwa ya kushiriki katika mpango mmoja wa pamoja wa kuwatesa na kuwaua wafungwa. Kwa mantiki hiyo, aliyeendesha kambi, aliyelinda mlango na aliyefuga mbu ndani yake walibeba mzigo mmoja, mradi kila mtu alijua kambi ile ni nini.

Schilling alijitetea kwa kusema alifanya kazi kwa ajili ya binadamu wote. Kisha, huku akilia, akawaomba majaji kitu ambacho sijawahi kusoma mshtakiwa mwingine akikiomba: amalizie ripoti yake. Alisema ingekuwa hasara kubwa ikiachwa nusu. Alihitaji meza, kiti na taipureta tu. Alisema itawafaa wanasayansi wenzake, na itamsaidia naye kulisafisha jina lake.

Nimelisoma ombi hilo mara nyingi na sioni uigizaji ndani yake. Naamini alimaanisha. Baada ya ushahidi wote kuhusu maiti, kitu kilichomliza ni ripoti. Miaka ile yote ilikuwa imemfundisha kwamba kazi ndiyo kitu halisi na watu ni vifaa vinavyoharibika njiani, na hata kamba ikiwa karibu na shingo hakuweza kuona kinyume chake. Hukumu 36 za kifo zilitolewa Desemba 1945. Alinyongwa gerezani Landsberg tarehe 28 Mei 1946.

Lakini Marekani nayo

Ningeishia hapo ingekuwa rahisi, na isingekuwa kweli yote. Mwaka uliofuata, watu 23, wengi wao madaktari, waliposhtakiwa Nuremberg, mawakili wao waliwauliza mashahidi wa Marekani swali gumu: na Stateville je? Stateville ni gereza katika jimbo la Illinois. Kuanzia 1944, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago kwa ushirikiano na jeshi waliwaambukiza malaria wafungwa zaidi ya 400 kwa kuumwa na mbu, ili kupima dawa mpya. Wajapani walikuwa wameiteka Java, iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya kwinini ya dunia, na askari wa Marekani walikuwa wakianguka kwa malaria visiwani Pasifiki.

Shahidi wa upande wa mashtaka, Andrew Ivy, alijibu kwamba wale walijitolea na kusaini, na kwamba kamati iliyoundwa na gavana wa Illinois, yeye akiwa mwenyekiti, ililipitia suala hilo. Wanahistoria waligundua baadaye kwamba alipotoa ushahidi, kamati hiyo haikuwa imekaa hata kikao kimoja.

Tofauti na Dachau ipo na ni kubwa, nami sitaki msomaji aipoteze. Stateville walisaini, walihudumiwa, walitibiwa, na wangeweza kukataa bila kupigwa. Lakini mfungwa anayetumaini kupunguziwa kifungo, anayelipwa senti ambazo hawezi kuzipata kwingine, anasaini kwa uhuru kiasi gani? Majaribio hayo yaliendelea hadi miaka ya 1970. Na kwa kazi hiyo ilipatikana primakwini, dawa inayotumika mpaka leo. Utafiti wenye kasoro ya maadili unaweza kuzaa dawa nzuri, kwa hiyo ubora wa dawa hautuambii kama njia ilikuwa safi.

Hukumu ya Nuremberg ya Agosti 1947 ilikuwa na vipengele kumi vinavyoitwa tangu hapo Kanuni za Nuremberg, na cha kwanza kinasema ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa jaribio ni ya lazima kabisa. Ukiilinganisha na mwongozo wa 1931 unaona Wamarekani hawakuvumbua kitu kigeni kwa Wajerumani.

Mwaka 2012 kule Bagamoyo, katika Taasisi ya Afya ya Ifakara, vijana 24 wa Kitanzania walidungwa sindano yenye vimelea hai vya malaria kutoka kwenye tezi za mate za mbu. Ukisoma tendo peke yake, ni lile lile la Dachau. Lengo ni lile lile pia, kutafuta chanjo. Kilifi, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, nao walifanya majaribio ya namna hiyo kwa watu wazima zaidi ya 100 miaka michache baadaye. Vijana wa Bagamoyo walielezwa kitakachofanyika, wangeweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, damu yao ilipimwa kila mara na dawa ikatolewa mara tu vimelea vilipoonekana.

Kilifi lilizuka suala la malipo. Mtu anayekaa kituoni siku nyingi anapaswa kufidiwa muda wake, lakini fidia ikiwa kubwa kwa mtu asiye na kipato, je, bado anachagua? Watafiti wenyewe waliwahoji washiriki na wanakijiji juu ya hilo wakaandika walichoambiwa, ikiwemo kwamba fedha ndizo zilizowavuta wengi. Mzee wangu mmoja wa Muheza nilipomsimulia, aliniuliza swali moja tu: aliyesema hapana, aliandikwa wapi? Nikamwambia kwamba kwa kawaida wanaokataa nao huhesabiwa na kuwekwa kwenye ripoti. Katika makaratasi ya Dachau hakuna safu hiyo.